Mistari Kumi na Miwili kwa Kidole Kimoja

"Mistari kumi na miwili," Merina alikuwa anasema, kidevu chake juu ya ua wa mabanzi. "Nimekaa chini nimeandika mistari kumi na miwili, Mama Rosa, ng'ombe wananingoja, na wewe umenirudishia kidole."

"Kidole gumba," Agnella akamsahihisha kutoka upande wake, bila kuacha kupara samaki. "Kimesimama wima. Maana yake nimekubali."

"Umekubali nini? Nimeuliza maswali manne."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, mpunga umeshaingia ndani na watu wa Katindiuka tumepata nafasi ya kugombana. Mimi nilikuwa na karai la maandazi motoni ng'ambo ya barabara, mahali panaponipa milango yao yote miwili bila kugeuza shingo. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi langu, na wote watatu walikuwa wameacha kutafuna.

Agnella akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba zamani kule kwenye mtandao mkubwa alikuwa anapokea vidole elfu mbili kwa siku, na hakuwahi kumgombeza hata mtu mmoja kwa kumpa. Merina akasema huko ni huko. Mtu akikuuliza mguu unaendeleaje, humwonyeshi kidole. Agnella akajibu kwamba mguu si huu hapa, anauona, na kama jirani ana swali, ua si huo hapo, aulize. Mtu anayemsikia akipiga chafya amwandikie nini tena?

Hapo Merina akanyamaza, na mimi nikapunguza moto. Merina ni Msukuma wa kusalimia dakika tano kabla ya kuomba kiberiti. Akinyamaza, ujue linalokuja ni zito.

"Sawa, mama," akasema. "Jumapili mimi nitakaa kwangu. Siku nikijibiwa nitakuja."

Akashuka kwenye ndoo aliyokuwa amesimamia, na kidevu kikapotea.

Hiyo Jumapili ilikuwa siku ya Rosa, binti yake Agnella, kupokea Komunyo ya Kwanza. Gauni jeupe lilikuwa limening'inia dirishani wiki mbili, tumelizoea kama pazia. Lakini kilichomhangaisha Agnella hakikuwa gauni wala mchele. Alikuwa anahangaikia watu. Alitaka nyumba ijae, ijae mpaka wageni wakalie ndoo, na alikuwa na sababu ambayo mtaa mzima tunaijua na hakuna anayeitaja mbele yake.

Mwaka jana alifungua kibanda cha samaki wa kukaanga. Wakati huo alikuwa mtu mkubwa mtandaoni, wafuasi elfu kumi na moja na mia nne, wote wanampenda anavyogeuza perege kwenye karai huku anasema, "Familia, mafuta yanaongea." Akawaalika wote. Tukaja wanne: mimi, Evod fundi simu, Rosa mwenyewe, na mwanamume mmoja aliyekuwa anauliza gari la Mlimba linapakilia wapi. Agnella akatupiga picha kwa karibu sana, masikio yetu yamegusana, akaandika chini yake: *Umati*. Yule wa Mlimba anaonekana humo kama mgeni rasmi.

Baadaye simu ikamponyoka darajani akichukua video ya wavuvi, ikaenda na maji ya Kilombero. Neno la siri lilikuwa kichwani mwa simu, si kichwani mwa Agnella. Elfu kumi na moja wakabaki kule, yeye akabaki huku, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mama wa samaki yuko wapi. Ndipo akahamia Uani.

Uani ni mtandao wetu wenyewe. Evod ndiye aliyeuwasha, dukani kwake Kibaoni, ndani ya kompyuta ndogo ya ukubwa wa kitabu cha nyimbo, iliyokaa juu ya katoni la chaja mbovu na kupulizwa na feni ya mezani. Hauna kampuni wala bosi ng'ambo. Salvatory wa Mchombe ana wake kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sanje wana wao, Kiberege wana wao. Kila mahali wana ua wao na sheria zao, lakini nyua hizo zina milango, na milango iko wazi: ukisema jambo kwa Evod, mtu wa Sanje analisikia na kukujibu akiwa kwao. Mchombe ni marufuku kuongea siasa wakati wa mavuno. Sanje ni marufuku kuweka picha ya mkungu wa ndizi wa mwenzako. Kwetu Evod aliweka sheria moja tu, kwamba hakuna hesabu. Huoni nani anafuatwa na wangapi.

Agnella alipoambiwa hivyo aliuliza sasa mtu atajuaje kama anapendwa. Evod akamwambia ataona watakavyomjibu. Agnella akamtazama kama mtu aliyeuziwa redio isiyo na spika.

Na mkubwa wa Uani, hata bila hesabu, tunamjua. Ni Merina, muuza mtindi, anayeandika kwa kidole kimoja ulimi ukiwa nje. Anaanza na "Mwangaluka," mpaka Wapogoro na Wandamba siku hizi wanaitikia "Mwangaluka" kama wamezaliwa Shinyanga. Anamuuliza huyu habari za jino, yule habari za mbuzi aliyepotea, na akiuliza Jumanne, Alhamisi anarudi kuuliza kama jino limetoka. Huku kwetu jirani akikuletea chakula, unapomrudishia chombo chake unatia kitu ndani, hata kama ni nyanya tatu. Kwa Merina maneno nayo huja na chombo. Ukimwandikia atakirudisha na atakuwa ametia kitu, na wewe utaona haya kukaa nacho. Kuna mzee Polikarpo wa Mchombe, wanasalimiana naye tangu mwezi wa tatu, na hakuna kati yao aliyepata pa kukomea.

Sasa mtu wa namna hiyo umrudishie kidole. Na tuseme lote: hata chombo chenyewe hakikuwa kimerudi. Hotpoti jekundu la Merina, lililokwenda kwa Agnella na nyama siku ya Pasaka, lilikuwa bado juu ya kabati la Agnella. Mlango ukiwa wazi tulikuwa tunaliona wote, na Merina zaidi yetu.

Jumanne Agnella akatangaza. Alijirekodi kwa mtindo wake wa zamani, kitambaa kipya kichwani: familia, Jumapili nyumbani, nyote karibuni, mafuta yanaongea. Akaipeleka Uani, akakaa kusubiri umati.

Watu wakajibu, na hilo ndilo lililomchanganya, maana kule alikotoka watu walikuwa wanapita tu. Huyu anauliza ni saa ngapi. Huyu anauliza Rosa si ndiye aliyekuwa na pumu, amepona? Mwingine anaomba radhi mapema kwamba huenda akachelewa, yuko msibani Kiberege. Agnella akawapa wote kidole. Alipiga vidole arobaini na kimoja chai yake haijapoa, akavuka barabara kuja kwangu akiwa amenawiri.

Kufika Alhamisi alikuwa amenyauka. Alikuwa amekutana na watu sita sokoni, wote walimjibu Uani, na wote sita wakamwambia kwa heshima zote kwamba wanamtakia Rosa sherehe njema. Anayejua watu wa hapa anajua maana yake. Mtu anayekuja hakutakii sherehe njema. Anauliza aje na sufuria au aje na kuni.

Akakaa kwenye benchi langu, simu mapajani, mguu wake mbaya ameunyoosha. Evod naye alikuwepo, yuko kwenye andazi la tatu. Nikamwambia Agnella ukweli, maana nisipomwambia mimi ataambiwa na nani. Nikamwambia hapa mtu haalikwi kwa kipaza sauti. Anafuatwa, anatajwa jina, anaambiwa wewe na mwenzio mje. Hao wamekuuliza maswali ili uwaambie, na wewe umewapungia mkono kama uko ndani ya gari la waziri. Evod akafuta mafuta mdomoni, akasema wale arobaini na mmoja bado wapo, wameketi, wanangoja, na maneno si samaki, hayajaoza.

"Niwajibu nini?" Agnella akauliza, na kwa mara ya kwanza ile sauti haikuwa ya video. "Mimi najua kusema. Kujibu sijui. Mtu ameandika vizuri, ana swali, ana mbuzi wake. Mimi nina nini cha kumwandikia?"

"Amekuuliza pumu ya Rosa," nikamwambia. "Anza na pumu."

Akaanza na pumu. Jibu la kwanza lilimchukua muda wa mimi kukaanga sinia zima, na lilikuwa na maneno manne. La pili likawa na saba. Kwenye la tano mama mmoja akamrudia kwamba yeye kitoga humfunga kwenye jani la mgomba, na Agnella, ambaye hawezi kusikia upuuzi kuhusu samaki akanyamaza, akamwandikia ukurasa. Yule mama naye akarudi na ukurasa wake. Mpaka Ijumaa adhuhuri Agnella alikuwa anacheka peke yake, anasoma kwa sauti, anamwambia Evod subiri kwanza, huyu bwana amefiwa na shangazi, siwezi kumjibu huku natafuna. Mzee Polikarpo alimuuliza kama padre amepona malaria. Akamjibu na shikamoo juu, mzee akamwitikia marahaba na kumuuliza jambo lingine. Na kila jibu, la mwanzo mpaka la mwisho, alilifunga kwa maneno yaleyale: karibu Jumapili, wewe na wote walioko hapo ulipo.

Alijibu wote, akabakiza mmoja. Nilimgusia. Akasema Merina ni jirani, jirani haandikiwi, na tena aliyeshuka kwenye ndoo ni yeye Merina. Lakini nilimwona anafungua ile mistari kumi na miwili, anaisoma midomo ikicheza, anaifunga. Akaifungua tena, akaifunga.

Jumapili misa ilitoka saa nne. Rosa alikuwa mzuri, amekaa wima kama mshumaa, hataki kuguswa. Saa sita kamili Noah la kwanza likasimama mbele ya nyumba, wakashuka watu kumi na wawili na mikungu minne ya ndizi iliyofunikwa kanga ili asiipige picha mtu. Walikuwa wa Sanje. Mama wa kitoga na jani la mgomba alikuwa mbele, amekuja na majani yake.

Agnella akanisogelea akaniuliza chini kwa chini hawa ni akina nani. Nikamwambia ni wale aliowajibu. Akasema alijibu watu wa hapa. Evod, amesimama na kreti ya soda begani, akamkumbusha habari za milango.

Kisha likaja lori la mashine ya Mchombe. Salvatory alikuwa kwenye usukani, na nyuma, juu ya gunia la mchele, mzee Polikarpo ndani ya suti, anasalimia pande zote kama askofu. Kisha wa Kiberege. Yule bwana wa msibani alikuwa ameambiwa aje na wote walioko hapo alipo, na walioko hapo alipo walikuwa waombolezaji. Wakaja ishirini na mmoja, vitambaa vyeusi kichwani, wakamkumbatia Rosa mmoja mmoja na kumwambia Mungu amtie nguvu. Rosa akawaitikia amina, hakuona tatizo.

Viti vikaisha. Ndoo zikaisha. Wengine walikalia kreti, mmoja alikalia mkungu. Agnella alisimama mlangoni anahesabu, akafika sitini, akaacha, akajifuta uso kwa kanga kama mtu aliyeingiwa na moshi. Mafuta yalikuwa yanaongea kweli siku hiyo, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka kuyarekodi.

Ila raha haikumaliza saa nzima. Mzee Polikarpo, baada ya kupokea shikamoo zake zote, akamuuliza mwenye nyumba kwa upole: "Merina wa Mwangaluka ni nyumba ipi?"

Agnella akaonyesha. Hakuwa na jinsi. Mzee akaenda mpaka kwenye ua, akaita, akaitikiwa, na salamu za tangu mwezi wa tatu zikaendelea pale zilipokuwa zimeishia. Nyuma yake akaenda yule wa jino. Akaenda yule wa mbuzi. Mabanzi yakawa yanawazuia, wakang'oa matatu. Masalu, mumewe Merina na baba yake Makoye, akaona heri ang'oe mengine mawili ili watu wasichane suti. Merina, na gauni lake la kukamulia, akatoa mikeka, akatoa vikombe, akaanza kuchota mtindi. Alikuwa amesema Jumapili atakaa kwake, na hakuvunja neno lake. Alikaa kwake, sherehe ndiyo iliyomfuata.

Nilimwona Agnella na mwiko mkononi, anatazama. Wageni walikuwa wanapokea wali kwake, wanapita pale palipong'olewa, wanakwenda kula kwa Merina. Nikadhani ataanza. Nilishajiandaa kusimama katikati, nikavua na kandambili. Lakini aliendelea kupakua tu, sahani baada ya sahani, na kila mara akiinua macho yanakwenda kulekule. Na Merina hakuvuka. Alifika mpaka kwenye mstari wa mabanzi akapokea sahani za watu, akarudi.

Saa kumi na moja wa Mchombe wakapanda lori lao. Wa Kiberege walirudi msibani wameshiba, wakaacha salamu. Wa Sanje walichelewa kidogo kwa sababu mama wa kitoga alikuwa bado hajakubali kushindwa ubishi wa samaki. Vumbi likatulia, Rosa akalala sebuleni na gauni lake, na mimi nikaanza kukusanya viti vya kanisa.

Agnella alikaa jikoni, mlango wazi, na masufuria matupu. Akatoa simu, akafungua ile mistari kumi na miwili, akaisoma yote bila kucheza midomo. Akaiweka simu mezani. Akapanda kwenye kigoda, akalishusha hotpoti jekundu juu ya kabati, akalipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akatazama huku na huku kutafuta cha kutia. Hakukuwa na kitu. Akainamia sufuria kubwa, akachukua mwiko, akaanza kukwangua ukoko.

Alipopita pale palipokuwa na ua, mimi nilikuwa na viti vinne, nikaona hivyo viti vinafaa kupelekwa upande huohuo. Merina alikuwa mlangoni kwake anasuuza vikombe.

"Mguu unauma asubuhi tu, jua likitoka unaacha," Agnella akasema, bila hodi, amesimama na hotpoti kifuani. "Rosa pumu imemwacha, analala vizuri. Nyama ya Pasaka ilikuwa na chumvi nyingi, Mama Makoye, sikukwambia. Na la nne, uliniuliza leo unisaidie nini. Hilo nimechelewa kulijibu. Umeshasaidia."

Merina akaendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

"Nilikuwa natafuta cha kutia," Agnella akasema. "Hapa ndani na kule Uani pia. Miezi miwili natafuta. Kila nikipata kitu nakiona kidogo, nakiacha, nasema kesho. Nikitazama ile mistari yako ndiyo kabisa."

Akanyoosha mikono. Merina akajifuta viganja, akapokea, akafungua kifuniko. Akatazama ukoko, wa kahawia, umevunjikavunjika, kandokando umeungua. Akamega kipande, akakitafuna muda mrefu, meno yakilia, na mimi na viti vyangu tukangoja.

"Huu nao hauna chumvi kabisa," akasema.

Agnella akacheka mpaka akakohoa. Akasema ngoja amwache apumzike. Alikuwa ameshageuka, mguu mbaya unaburuta, pale Merina alipomuuliza kama amekula.

"Nitakula."

"Sikukuuliza utakula lini. Nimeuliza umekula?"

Nikarudisha siku yote kichwani. Nilimwona akipakua, akipuliza moto, akipokea ndizi, akikumbatiwa na waombolezaji. Sikumwona na tonge.

"Bado," Agnella akasema.

Merina akasukuma ndoo ya vikombe pembeni kwa mguu, akashika pazia la mlango akaliinua juu. Ndani Masalu alikuwa ameshasonga ugali, mvuke unaonekana, na bakuli la mtindi liko katikati ya mkeka.

"Pita ndani ule, Mama Rosa," akasema. "Na wewe uliyesimama hapo unajifanya una viti, viweke chini, uingie."